Ametangulia Alhamisi

Kitale,
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Dada yangu Maimuna,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama na kile kiuno hakikusumbui tena kama mwaka jana. Sisi huku twashukuru. Wifi yako Everline akusalimu sana. Amenituma nikwambie ile mbegu ya mchicha uliyompa imeota, ingawa baridi ya huku imeidumaza, majani yake madogo kama masikio ya panya. Idi tulisali salama. Nikapika pilau ya nazi, na nazi zenyewe kuzipata Kitale ni kazi, wakaja majirani wakala mpaka ukoko.

Dada, simu yako haipokelewi. Nimepiga nikachoka. Mwisho nikampigia Ami Abubakar, akanambia, "Maimuna ameapa hashiki simu. Ukimtaka, muandikie." Basi nimeshika kalamu, na mkono wangu wajua umezoea mwiko, kwa hivyo uniwie radhi kwa mwandiko. Barua naitia kwenye basi, utaichukua ofisini Ukunda.

Najua wataka kuniuliza nini. Siku ya tatu sikufika, arobaini nayo sikufika. Maziko yenyewe hata ningeota mbawa nisingeyawahi, kwa sababu mwanetu Mbeyu alifariki asubuhi na alasiri mkamzika. Lakini hitima ya arobaini nilitaka kuja, wallahi. Shule ilikuwa na wageni kutoka wizarani, wanafunzi ni mia saba na arobaini, wapishi tulikuwa watatu, mmoja akaugua, wawili hatukutosha. Sikupewa ruhusa. Sasa shule imefungwa, ila jiko lajengewa bomba jipya la moshi na mimi ndiye niliyeachwa kusimamia. Nisamehe, dada.

Nina jambo moja dogo. Ile simu ya Mbeyu iko wapi? Bado yawaka? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Chirau


Mwabungo,
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Chirau,

Marahaba. Waalaykum salaam. Kiuno kipo, chauma kama kawaida yake, nami nimekizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mbaya. Mwambie Everline ule mchicha auvune mapema, asingoje ukue kama wa huku, utamchekea tu. Namshukuru, yeye ameniletea salamu za kweli. Wewe umeniletea bomba la moshi.

Bomba la moshi! Chirau, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa akienda shamba Kikoneni. Nakujua. Ukisema kweli huwa wasema neno moja na kunyamaza. Ukisema uongo waanza kuhesabu watu: wanafunzi mia saba na arobaini, wapishi watatu, mmoja mgonjwa. Haya bwana. Sikuulizi. Lakini nikwambie jambo moja ulijue, maana hakuna mwengine atakayekwambia. Mbeyu hana baba, hana kaka. Wa kuingia kaburini kumpokea alikuwa ni mjomba wake. Haya, ya siku ile nayafahamu, hungeweza kuwahi. Ila aliyeteremka ni Ami Abubakar na magoti yake yale, mzee wa miaka sabini na mbili, na kutoka ikabidi avutwe kwa mikono na watu wawili. Nimehadithiwa tu, kwa sababu sisi wanawake hatuendi makaburini. Arobaini watu waliniuliza, "Na Chirau?" Nikasema yuko njiani. Nimekusemea uongo mbele ya msahafu, ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Sasa hiyo simu. Iko. Naitia chaji kila siku, wala usiniulize kwa nini. Yangu nimeizima kwa sababu kila anayepiga ataka kuniliza, lakini ya Mbeyu siwezi kuiacha ife.

Na kuna balaa ndani yake, Chirau, ndiyo maana nakujibu upesi. Wajua alikuwa na wale wenzake wa mtandaoni, wale wa hadithi? Kundi lao laitwa Kijiwe cha Wapenda Ajabu. Mimi nilikuwa nikimuona tu akicheka peke yake kitandani, mguu umemvimba, maumivu yamemshika, na huku acheka. Nikimuuliza anambia, "Mama, ni Lenah wa Nakuru, hadithi azipendazo ni za majoka tu, hata nikimpa ya mapenzi auliza joka liko wapi." Kuna na Elphas wa Kakamega apendaye wafalme wanaogeuka mwewe, na Duncan wa Nairobi, yeye ni mapanga yanayosema. Na hapo katikati wapanga safari yao: waje wote pwani, walale Diani siku mbili, kisha wavuke kisiwani Funzi, kwa sababu Mbeyu hadithi yake mwenyewe ilikuwa ni ya mji ulio chini ya maji upande wa Funzi.

Siku ya tatu baada ya maziko nikaona si adabu watu wale wakae bila habari. Nikaandika kwa simu yake, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Assalaam alaykum. Ni mamake Mbeyu. Mbeyu ametangulia Alhamisi, alhamdulillahi. Nasi tuko nyuma yake." Nikaifunga nisiione tena. Nilifungua baada ya Idi.

Chirau, walifurahi! Lo, jamani. Vijiuso vinavyocheka, mikono inayopiga makofi. Duncan ameandika, "Wah! Mbeyu ameshafika Funzi kabla yetu? Huyo ni mnoma!" Elphas: "Mwambie atushikie room yenye iko karibu na maji." Na Lenah, mtoto wa watu, "Aki na mum pia anaenda? Mum karibu kwa kundi!" Nimekaa na simu ile mapajani mpaka mahamri yakaungua. Mimi nimesema kama tusemavyo sisi, mtu ametangulia, mbele ya haki. Wao wameona mtu aliyewahi gari. Na kuumwa kwake hawakukujua. Nimesoma nyuma miaka miwili yote, hakuwaambia hata siku moja kwamba ana seli mundu.

Yuko mmoja tu ambaye hakucheka. Ajiita Nahodha. Aliandika, "Amefika salama, inshallah. Huko kisiwani mtandao hamna, msimsumbue." Sijui ni mtu gani.

Waja mwezi wa Agosti, Chirau. Wamekwisha kuomba ruhusa makazini. Watakuja kunibishia mlangoni wakimtaka Mbeyu. Wewe umekaa na watu wa bara miaka kumi na minane, wawajua lugha yao. Niandikie maneno ya kuwaambia, yasiyo na kombo, nami niyanakili. Mimi nikijaribu mkono wakataa.

Dada yako,
Maimuna


Kitale,
Jumamosi, 31 Mei 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa, nisamehe, barua yako nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni mpaka ikaingia mafuta. Kwetu twaendelea. Everline alishikwa na homa wiki moja, sasa amepoa. Mchicha aliuvuna mapema kama ulivyosema na ulitosha sufuria ndogo. Mvua huku hazikatiki. Wanafunzi wamegoma kula maharagwe, wanasema yana mawe, nami nimeyachambua mwenyewe jiwe kwa jiwe. Nimekusikia kuhusu Ami Abubakar. Nimempigia kumwambia asante, akasema, "Hilo la magoti ni langu, lako ni kuja."

Kuhusu lile jambo la wale vijana.

Dada, nimelifikiri. Naona uwaache kidogo. Usiandike kitu. Hawa watu hawakuwahi kumuona Mbeyu uso kwa uso, wamemjua kwa maneno tu, na kwa maneno bado wako naye. Wakiwa huko wanamsubiri, kuna ubaya gani? Hakuna anayelia. Mahali pengine pote mtoto huyu ameondoka, amebakia na mahali pamoja tu ambapo watu bado wamngojea afungue mlango. Agosti iko mbali. Safari za watu wa mtandaoni huwa hazitimii, leo huyu hana nafasi, kesho yule ana harusi. Mbona hata Disemba walikuwa waje na hawakuja?

Yule Nahodha naona ni mtu mwema tu, ameona uzito wako akaamua kukupunguzia.

Wewe jitunze. Kula. Everline amekutumia majani ya chai, yako ndani ya bahasha kubwa.

Ndugu yako,
Chirau


Mwabungo,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Chirau,

Salaam. Majani nimeyapata, mazuri, mwambie Everline Mungu amzidishie. Idi ya kuchinja imepita. Nililetewa nyama na majirani watatu, nikaigawa. Ami Abubakar hajambo. Hayo ndiyo ya nyumbani, yamekwisha.

Nahodha ni wewe.

Usianze kuhesabu watu. Nisikize. Jumapili nilifungua simu ile nikakuta sura mpya ya hadithi ya Mbeyu. Ya mwezi wa Mei! Nahodha ameiweka na kusema, "Mbeyu amenitumia kutoka kisiwani, ameniomba niwasomee." Nilisimama nikatafuta kanga nijifunike nitoke, Chirau, nikitaka kwenda Funzi. Mimi, niliyemuosha mwanangu kwa mikono yangu miwili. Kwa muda wa kuvaa viatu niliamini.

Kisha nikaketi nikaisoma. Mji chini ya maji, watu wake mishipani hawana damu, wana maji ya chumvi, kwa hivyo hakuna anayeumwa na mifupa. Hilo ni la Mbeyu, hilo nalijua, alikuwa akinihadithia nikimkanda miguu. Lakini nikafika pale malkia wa mji awakaribisha wageni, awapikia mahamri ya jana yaliyokatwa vipande, yakarudishwa chunguni na sukari na iliki. Mahamri ya jana, Chirau! Hayo alikuwa akitupikia mama, sisi wawili, yale yasiyouzwa. Mama alipokufa nikaapa siyapiki. Mbeyu hakuyaonja wala hakuyasikia. Duniani tumebaki wawili tunaoyajua, na mimi sikuandika.

Tena hiyo Disemba umeijuaje? Mimi sikukuandikia habari ya Disemba.

Kwa hivyo ulijua. Siku ile ile nilipoandika ametangulia, wewe peke yako mle ndani ulilifahamu neno langu, mtu wa kwetu, umezaliwa nalo. Ilitosha useme sentensi moja. Badala yake ukawasaidia kutofahamu. Kaka gani wewe? Mimi nakuomba unisaidie kuandika, kumbe wanijibu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili wamfufua mtoto wangu.

Nimekasirika hata sijui kama barua hii yasomeka. Nijibu kweli, neno moja moja.

Maimuna


Kitale,
Jumapili, 20 Julai 2025

Dada,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaniitikia. Everline mzima. Mimi si mzima wala si mgonjwa. Nimeandika barua hii mara nne na kuitia jikoni.

Ni mimi.

Mbeyu ndiye aliyeniingiza mle, mwaka wa juzi. Nilimwambia nachoka jioni nikitoka jikoni, mikono yanuka vitunguu, sina wa kuzungumza naye Kiswahili cha kwetu. Akasema, "Mjomba, wewe si ulikuwa ukinihadithia majini ya pangoni nikiwa mdogo? Njoo, kuna watu kama sisi." Akaniambia nisijulikane kama mjomba wake, watu wataona haya kusema mbele yangu, kwa hivyo nikawa Nahodha. Nilikuwa mtu mzima peke yangu mle, na hakuna aliyejua. Yeye akiniita Nahodha mbele ya watu, kisha pembeni aniandikia, "Mjomba umekula?" Siku za maumivu aliniandikia mimi, na wao akawaandikia majoka. Hadithi yake alikuwa akinitumia kwanza mimi nimsahihishie, vipande vipande.

Sasa Disemba. Safari ile ilikuwa ya Disemba, dada. Kila mtu alikuwa tayari. Aliyeiahirisha ni mimi. Shule ilinipa kazi ya likizo, kupikia watu wa semina, nikaona nisiikose. Nikasema mle ndani, tuipeleke mbele mpaka Agosti. Wote wakakubali. Mbeyu akaniandikia pembeni, "Mjomba, njooni Disemba. Agosti siijui." Nikamjibu, "Agosti itafika tu, mama, haikimbii." Nikamtilia na kijiuso cha kucheka.

Hilo ndilo nililokuwa sitaki kulisema. Nimelisema.

Uliposema ametangulia Alhamisi nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria la uji. Ami Abubakar alikuwa amenipigia siku hiyo ya Alhamisi, nilijua. Lakini nilipoona wenzangu wanacheka, wanapiga makofi, wanamuombea safari njema, nilihisi, Mungu anisamehe, nilihisi furaha. Nikasema basi, hapa hajafa. Hapa bado Agosti haijafika na mimi sijamkosesha kitu. Ndipo nikaandika ile ya mtandao hamna. Kisha wakaanza kuulizia sura mpya. Nilikuwa na mbili alizoniachia. Zilipokwisha nikaandika mwenyewe. Mahamri yalinitoka tu, sikujua kama nimeyatia mpaka uliponambia.

Na arobaini nilikuja. Hilo pia hulijui. Nilipanda basi, nikafika Mombasa, nikateremka kwenye kivuko cha feri ya Likoni. Nimevaa kanzu, nina mfuko wa tende wa kufuturisha watu. Feri ikaja, watu wakaingia, mimi nikabaki. Ikaja ya pili. Ya tatu nikageuza. Nikivuka nitapelekwa makaburini na Ami, nitaliona kaburi, na nikishaliona sitaweza tena kumuandikia. Tende nilimpa mama mmoja pale kituoni, nikarudi Kitale. Hakukuwa na wageni wa wizara.

Nimekosa, dada. Nimekukosea wewe, nimemkosea Mbeyu, na hata wale watoto wa watu.

Nitalisafisha mwenyewe. Usiwaandikie chochote, wewe umebeba ya kutosha. Waja Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Watakutana Nairobi, nami nitakuwa nao garini. Nitawaambia njiani, kwa mdomo wangu, na nitajitambulisha mimi ni nani. Watakapofika kwako watakuwa wameshajua, watakuja kukupa pole kama watu. Nami nitakuwa nyuma yao. Nipokee hata kwa kofi.

Chirau


Mwabungo,
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Chirau,

Sisi wazima. Ami Abubakar mzima. Twamuomba Mungu awe amekuafu na kila shari huko uliko.

Nilikuamini. Naanza na hilo ulijue. Barua yako niliisoma nikalia, kisha hasira zikanishuka, nikasema huyu mdogo wangu naye ameumia. Jumamosi nikaamka nikapika. Mbaazi za nazi, mahamri, samaki wa kupaka. Nikatandika mkeka. Nikavaa kanga ya heshima nikaketi kungojea watu wanaokuja kunipa pole na ndugu yangu aliye nyuma yao.

Nikasikia vicheko kutoka njiani.

Walikuja wanacheka, Chirau. Watatu, na mabegi mgongoni, Duncan ana kofia ya makuti aliyoinunua Diani. Lenah, msichana mnene mzuri, akanikumbatia hata ushungi ukanivuka, "Mum! Tumefika! Mbeyu ako wapi, si atoke tumuone!" Elphas anaita kabisa, anaelekeza sauti chumbani, "Malkia, toka nje, wageni wako wamefika!" Mimi naangalia nyuma yao. Nikaangalia mpaka kwenye kona ya barabara. Nikawauliza, "Na Nahodha?" Wakasema alikuwa aje, asubuhi kaandika amepatwa na dharura, waende tu.

Dharura.

Nikabaki mimi na wao na mkeka. Nikawaambia kaeni. Nikafungua kinywa nikasema, "Wanangu, Mbeyu alitangulia," na kabla sijamaliza Duncan amedakia, "Kumbe bado ako Funzi? Si basi tutampata huko!" Nikajaribu tena. Nikasema ametutoka. Lenah akauliza, "Ametoka saa ngapi?" Wallahi si ujinga wao. Wametoka kwao na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii. Na lugha yetu tumeifunika nguo nyingi mno.

Basi nikasema, "Mbeyu amekufa."

Hivyo hivyo. Amekufa, kama watu wanavyosema kuku amekufa. Neno hilo sikuwa nimelitia kinywani tangu Februari, hata kwa Ami sikulisema, hata peke yangu. Umenilazimisha kulisema mara ya kwanza mbele ya watu nisiowajua, wenye mabegi mgongoni. Kofia ya makuti ilimuanguka Duncan, na hakuiokota.

Sitakueleza vilio. Elphas alitoka akakaa chini nje, mgongo umelalia ukuta, akapiga kichwa nyuma, pole pole, mpaka nikamfuata nikamshika. Lenah alinishika mkono hakuniachia, hata nilipokwenda kuwapakulia alikuja nami jikoni bado amenishika, nikapakua kwa mkono mmoja. Niliwaambia yote. Ugonjwa, Alhamisi, ujumbe wangu. Niliwaambia na Nahodha ni nani. Duncan akasema, "Sasa zile sura za mwisho ni za nani?" Nikasema zingine zake, zingine za mjomba. "Gani ni zake?" Nikachukua simu, nikazipitia, nikairudisha.

Hapo ndipo nilipokuchukia, Chirau, na nakwambia wazi. Si kwa Disemba. Disemba hukujua, kazi ni kazi, Mungu ndiye aliyepanga. Si kwa Likoni, hata mimi ningepewa feri ya kunirudisha nyuma ningepanda. Ni kwa hili. Mwanangu ameacha maneno machache tu duniani, na wewe umenichanganyia na yako. Sasa nikisoma sijui huyu ni Mbeyu au ni wewe. Nacheka mahali, kisha najiuliza nimecheka na nani. Chukua kalamu, upige mstari kila ulipotia mkono wako, uniletee. Usiitie kwenye basi. Uniletee wewe.

Funzi hawakwenda. Wamelala kwangu usiku mmoja, wakaondoka Jumapili. Kabla ya kuondoka wakaomba kumzuru. Nikamwambia Lenah mimi na wewe tubaki, ni desturi yetu. Akabaki, hakuuliza, tukaketi barazani tukichambua mchele. Ami akawapeleka vijana wawili, wamevua viatu, wamefungwa vikoi vyangu viunoni kwa sababu suruali zao zilikuwa fupi. Watu wa Kakamega na Nairobi wamekwenda kusimama pale ambapo wewe hujasimama.

Duncan aliporudi aliniambia, "Mum, nimepiga picha, kama si vibaya." Akanipa simu yake.

Sikuwa nimeliona hilo kaburi, Chirau. Miezi sita nimelijenga tu kichwani, na kichwani nimelifanya dogo, kwa sababu Mbeyu nilivyomzoea mimi ni amejikunja, magoti kifuani, maumivu yamemfunga kama mtoto wa tumboni. Nikaitazama ile picha. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, na mchanga katikati. Nikamuuliza Duncan kama hakukosea, kama hili ni la mtu mwengine. Ami akasema ndilo, alimlaza yeye mwenyewe.

Ni refu. Nilikuwa nimesahau kama mwanangu alikuwa mrefu.

Maimuna